Kupanda Nkungwe: maji, magoti na upupu

Mlima Nkungwe, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mahale mkoani Kigoma, una mita 2,462, si nyingi kwa aliyezoea habari za Kilimanjaro. Lakini Mahale haina barabara. Unashuka kwenye boti ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mita kama 773 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia hapo ni miguu yako. Ni karibu mita 1,700 za kupanda, na sehemu kubwa imesimama. Hupandi peke yako. Askari wa hifadhi mwenye silaha hutangulia, na safari ipangwe ya kulala mlimani.

Jua la Kigoma huchelewa, saa kumi na mbili asubuhi bado giza. Huwa naanza mwanga ukitokeza tu, maana msituni kuna kivuli ila kwenye nyasi za juu hakuna hata mti wa kujibanza, na huko ndiko wengi huishiwa maji. Beba lita nne kila mtu, kunywa mafunda machache kila baada ya robo saa, kiu isikutangulie. Mwendo ni ule unaokuruhusu kuongea. Ukianza kujibu kwa kutikisa kichwa, punguza hatua.

Chini kuna sokwe. Barakoa iwe mfukoni, kaa mita 10 kutoka kwao, na mwenye mafua abaki kambini, kwani ugonjwa wetu unawaua. Siafu wakikatiza njia usisimame kuwatazama. Soksi ziwe juu ya suruali, ruka, endelea.

Anayefuata maua aende mvua zikikatika, mwishoni mwa Mei hadi Juni. Nyasi bado mbichi, maua yametapakaa mgongo mzima wa mlima, ila umande unalowesha hadi kiunoni na udongo unateleza. Agosti njia ni kavu, maua yamepungua, na upupu umekauka pembeni. Mikono mirefu, hata kwa joto. Upupu ukikugusa usijikune: bandika plasta yenye gundi, bandua, rudia kwa kipande kipya mpaka vinyweleo vitoke.

Kwa chakula sijaona kinachoshinda dagaa wakavu: wepesi, hawaozi, wanaiva haraka. Unga robo kilo kwa mtu kwa mlo, karanga za kutafuna njiani. Sweta pia, kwa sababu joto hushuka kama nyuzi 6 kila mita 1,000. Kilele ni baridi kuliko ufukwe kwa takriban nyuzi 10, na upepo juu yake.

Kushuka ndiko kunakoumiza. Kata kucha za vidole vya miguu siku mbili kabla, kaza kamba za viatu kwenye kifundo ili mguu usisogee mbele, la sivyo kucha za vidole gumba zitageuka nyeusi. Fimbo mbili, goti lililokunjwa kidogo, hatua fupi. Kwenye mteremko wa changarawe shuka kiupande, na aliye nyuma akae mbali, jiwe likiporomoka lisimkute aliye mbele.