Siku yangu moja nyuma ya steji, siku ya Bruch

Saa mbili asubuhi. Naamshwa na voisi ya ami toka Unguja, yeye kapiga fidla kwenye taarab tangu mie sijazaliwa. "Ehee, leo mnapiga nini huko Ujerumani?" Nikamwambia leo Max Bruch, ami, mtunzi wa Kijerumani wa zamani, ile konserto yake ya kwanza ya fidla, yani fidla moja mbele ya okestra nzima, na ilipigwa mara ya kwanza hapa hapa Koblenz 1866, ila mwenyewe hakuridhika akaifumua, ikapigwa tena Bremen 1868, kisha akamuuzia mchapishaji kwa hela ya mkupuo mmoja basi, dunia nzima ikaipiga yeye hakupata kitu. Ami kanyamaza kidogo. "Masikini."

Saa tatu nipo ukumbini. Mie sipigi chochote jamani, mie napanga viti. Fidla za kwanza 12, za pili 10, viola 8, selo 6, besi 4, stendi moja watu wawili, na wa besi ole wako umchanganyie mtu stuli yake. Kondakta wa huku, yule anaeongoza wapigaji, hadai nauli ila kijukwaa chake kikiyumba utajuta.

Saa nne mazoezi. Soloisti, yule wa kupiga fidla ya mbele peke yake, kaja na jinzi na soksi, kasimama, kakanyaga, kaniita. Ubao unalia. Ungekuwa muziki mwingine ningesema nani atasikia, lakini hii inaanza na timpani, zile ngoma kubwa, kwa mbali, vipulizo kidogo, halafu fidla peke yake inapanda toka uzi wa chini kabisa, yani hata mtu akimeza mate unamsikia. Nikamsogeza shubiri mbili, nikabandika alama ya tepu. Kacheka, tukaendelea.

Mchana mkate na jibini, nikajilaza stoo katikati ya makasha ya besi.

Saa mbili usiku. Obo, ndugu yake zumari, ikatoa noti ya A, wote wakatyuni, kimyaaa. Kwa sisi wa taarab hii ndo ngumu kuzoea, hakuna anaeinuka kwenda kutunza, na sehemu ya kwanza inaingia ya pili bila kukata kwahiyo hata kupiga makofi huna nafasi. Ile ya pili, ya polepole, naisikilizaga nimeegemea pazia na sitaki mtu aniongeleshe.

Ya tatu ndo mambo yakaanza. Pah! Uzi wa E, ule mwembamba, wa soloisti umekatika. Sekunde hazikufika tano kashachukua fidla ya kiongozi wa okestra, yule wa kiti cha kwanza cha fidla, anaendelea, kiongozi kachukua ya jirani yake, na ile mbovu ikapitishwa nyuma mkono kwa mkono mpaka kijana wa kiti cha mwisho akatoka nayo taratibu kuja kwangu. Nikaishika. Nyepesi kama kuku alochinjwa jana, uzi unaning'inia kama unywele, mbao pale kidevuni imelika imekuwa nyeupe. Kijana anafunga uzi mpya, mie namulika na simu, mkono unatetemeka.

Kipindi cha pili mtunzi mwingine, Brahms, simfoni yake ya nne, muziki mrefu wa okestra nzima, watu watatu wa tromboni wamekaa karibu nusu saa hawajapuliza hata noti moja, zamu yao ni sehemu ya mwisho tu. Hiyo kazi naitaka.

Saa nne na nusu viti vyote ukutani. Nikamhadithia ami kila kitu. Kajibu saa hiyohiyo:

"Na huo uzi mpya nani kalipa?"