Siku yangu moja kwenye vumbi la mafaili

Watu wakisikia kazi yangu ni utafiti wa historia kwenye hifadhi ya nyaraka wananiambia we una raha bana, umekaa kivulini unasoma tu. Haya, twendeni wote leo muone.

Saa 11 alfajiri niko macho, chai ya rangi, mandazi ya jana, stendi. Naishi Bombo, Uganda, kwa hiyo taksi (daladala ya huku) inapita Matugga, Kawempe, Bwaise mpaka mjini Kampala, na ukichelewa kutoka kidogo tu jamu inakula asubuhi yako yote.

Saa 3 wanafungua. Begi linabaki nje, kalamu ya wino marufuku, unaingia na penseli na daftari. Najaza fomu ya kuombea faili, nampa dada wa zamu, nakaa. Kusubiri ndiyo nusu ya kazi hii na hakuna anayeiona. Faili linaweza kuja baada ya robo saa, linaweza kuja saa 5, na siku nyingine fomu inarudi imeandikwa halipo shelfuni na ndo basi.

Leo limekuja. Kuna mwanafunzi wa PhD yuko Ulaya ananilipa nimfuatilie ule ubishi wa lugha wa enzi za wakoloni, mwaka 1927 Gavana Gowers alitaka Kiswahili kitumike mashuleni na kwenye utawala wa Uganda, mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, akatoka waziwazi kukipinga. Sasa fikiria mi niliyelelewa na Kiswahili toka tumboni nakaa nanukuu kwa penseli, barua baada ya barua, za watu wasiotaka hata kukisikia, na baadhi ya hoja zao zina uzito, siwezi kudanganya. Nakala za kaboni ni nyepesi mno, ukipumua vibaya karatasi inainuka. Pini zimeota kutu, zimeacha doa la kahawia juu ya tarehe, yaani kila kitu kinasomeka isipokuwa hicho unachokitaka. Halafu pembeni kuna afisa ameandika maoni yake kwa mwandiko kama uzi uliofumuka, akatia herufi mbili za jina lake akaenda zake, we baki hapo ubahatishe alikuwa nani.

Saa 4 na nusu hivi nikiwa nimeanza kuuzoea ule mwandiko, mzee mmoja akaja kusimama juu ya kichwa changu. Mstaafu wa jeshi, ana kavera nyeusi, mfuko wa plastiki, imejaa makaratasi, kaelekezwa kwangu na jirani yetu mmoja (jirani, nitakutafuta).

"Kijana, wewe ndiyo mtu ya mafaili?"

"Shikamoo mzee wangu, mi natafuta tu, mafaili ni ya serikali."

"Marahaba. Toa ya babu yangu. Alikuwa na shamba."

Nikamvutia kiti. Nikamweleza taratibu kwamba hati za ardhi ziko ofisi ya ardhi, hapa tuna barua, ripoti, majina ya machifu na mambo ya kodi. Akatikisa kichwa kwamba ameelewa halafu akasema, "Sawa, sasa toa hati." Nikaanza upya. Nikamwambia ule Mkataba wa 1900, wa Waingereza na Buganda, ulitenga maili za mraba 8,000 kwa machifu na wenye ardhi binafsi, kwenye makaratasi ilikuwa wagawiwe watu 1,000, mwisho wakawa zaidi ya 3,000, na wakulima wengi waliokuwa wanalima humohumo hawakuandikwa popote, wakaamka wapangaji kwenye viwanja vyao. Kwa hiyo mzee, babu kulima pale na babu kupewa pale ni vitu viwili. Hapo akakasirika, unasema babu yangu alikuwa mpangaji? Simu yake ikaita kwa sauti ya juu kabisa, akapokea, akaanza kumwelezea mtu wa upande wa pili kwamba yuko serikalini wanamtolea hati, dada wa zamu ananitazama mimi kana kwamba nimemzaa huyu mzee.

Nikaona bora nimsaidie aende. Tukaomba faili moja la kodi, mkataba uleule ndio ulioweka rupia 3 kwa kila nyumba kwa mwaka, na kwa bahati ndani kulikuwa na orodha ya majina. Tukashuka nayo kwa kidole, na kweli, jina lipo! Mzee akapiga meza. Shida ni kwamba jina lenyewe nusu ya wilaya wanaitwa hivyo, hakuna jina la baba, hakuna ukoo, hakuna kijiji. Namwambia mzee hatuwezi kusema ndiye. Ananiambia mimi namjua babu yangu kuliko wewe. Halafu sasa ndo ikaja ya kuja, akatoa elfu ishirini chini ya daftari langu, "andika barua, piga muhuri, sema ni yeye."

Sina muhuri. Na ningekuwa nao nisingepiga. Barua kama hiyo kesho inapelekwa kumfukuza mtu kwenye kibanja chake (kipande anachokaa na kulima kwenye ardhi ya mwenye hati), na jina langu liko chini. Nilimrudishia hela, akaniona mjinga kabisa, akakusanya makaratasi yake moja moja polepole, saa 7 ishapita.

Chapati ya mayai nje, maji, ndani tena.

Mchana sikumbuki vizuri. Umeme ulikatika, tukasogeza meza dirishani, macho yanawaka, pua imejaa vumbi, faili la pili nililolisoma ukurasa kwa ukurasa mpaka jalada la nyuma halikuwa na hata mstari mmoja wa ninachotafuta. Na hiyo nayo ni kazi, naandika namba ya faili, tarehe zake, "hakuna kitu", ili mwingine asirudi kupoteza siku. Mteja wangu anaelewa, nalipwa kwa siku, ipatikane isipatikane. Hapa nyumbani ndo hawaelewi, ukirudi mikono mitupu basi ulikuwa umelala.

Mvua ikashuka wakati wa kufunga na Bwaise ikajaa maji kama kawaida, nimefika Bombo usiku, navua viatu simu inaita, namba siijui. Ni mzee. Kesho anakuja tena, na kaka yake, huyo ndiye anayejua jina la ukoo wa babu. Nimemwambia saa 3 kamili, aache kalamu nyumbani, na simu azime.