Malindi, Jua la Utosini

Basi liling'oa nanga Mombasa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nami kwa ujinga wangu nikachagua dirisha la upande wa bahari. Nilitaka kuona maji. Kuanzia Mtwapa hadi Kilifi nilichokiona ni jua, limenikalia shavu la kulia kama pasi ya mkaa. Ni kilomita 120 hivi tu, lakini niliteremka Malindi shavu moja likiwa limeiva.

Ilikuwa Ijumaa, katikati ya Machi. Upepo wa kaskazi umekwisha, wa kusi haujaingia. Watu wa pwani huita maleleji, na siku hiyo nililielewa neno hilo kwa mwili: upepo umelala, shati limegandama mgongoni, hata kunguru wanahema midomo wazi.

Kwenye karatasi nilikuwa nimeandika sehemu nne za kuona. Saa nzima ya kwanza ikaishia kutafuta kofia. Kichwa changu ni kikubwa, sikatai. Iliyonitosha ni moja tu, nayo ina nembo ya timu nisiyoweza hata kuitaja nyumbani. Nikaivaa.

Nikaingia mji wa kale kutazama makaburi ya nguzo kando ya Msikiti wa Juma. Yana zaidi ya miaka 500, na moja nguzo yake imepanda juu kuliko kuta zinazolizunguka. Nilipofika, kanzu nyeupe zilikuwa zinamiminika kutoka kila kichochoro. Nikamwamkia mzee mmoja shikamoo. Akaitika marahaba, akaitazama kofia, kisha akanitazama mimi.

"Leo Ijumaa, mwanangu. Subiri tusali, kisha uje utazame kwa nafasi yako."

Maneno ya haki. Ila mimi nina karatasi, na karatasi haijui kusubiri. Nikapanda tuktuk.

Kanisa dogo la Wareno nililiona kwa kuchungulia: geti limefungwa, paa la makuti, makaburi machache uani. Mmisionari Fransisko Ksaveri alipita Malindi mwaka 1542 akielekea India. Nikasoma nilichoweza kusoma kutokea nje, nikaendelea.

Nguzo ya Vasco da Gama nilifika saa sita na nusu, na hapo ndipo nilipotiwa adabu. Malindi iko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo katikati ya Machi, saa kama hiyo, jua linakuwa utosini hasa. Nguzo imesimama kwenye rasi ya mawe, nyeupe, imejengwa kwa matumbawe, juu ina msalaba wa jiwe lililoletwa kutoka Ureno. Nikaizunguka nikitafuta kivuli. Hakuna. Nikazunguka tena. Kivuli chote kilikuwa kimejikunja chini ya kitako chake, hakitoshi hata kuficha kidole cha mguu. Nikatoa simu nipige picha. Ikaandika kwamba imepata joto mno, kamera ikajifunga. Picha pekee iliyopona ina gumba langu na kipande cha anga.

Nikaketi juu ya jiwe, nikanyanyuka upesi, nikaketi juu ya mkoba. Nikamfikiria da Gama, yule baharia Mreno. Alitia nanga hapa Aprili 1498 baada ya kukorofishana na Mombasa, mfalme wa Malindi akampa rubani, na kusi changa ikamfikisha Calicut, India, chini ya mwezi mmoja. Kurudi alikosea msimu. Akahangaika na upepo mbovu karibu miezi mitatu, mabaharia wakifa kwa kiseyeye. Sijilinganishi naye, ila saa ile nilimwelewa vizuri kwenye safari ya kurudi.

Baada ya dafu mbili nikapata nguvu za kwenda ufukweni kutafuta boti yenye kioo chini, inayopeleka watu kwenye hifadhi ya bahari. Ilitangazwa mwaka 1968, na matumbawe yake ndiyo hasa yaliyonileta. Saa tisa nikamkuta nahodha amelala ndani ya boti, mguu mmoja nje.

"Maji yamejaa, dada," akasema bila kuinuka. "Hili bamvua, siku za maji makubwa. Ungekuja saa nne yamekupwa, matumbawe yangekuwa pale pale chini ya kioo. Sasa nikikupeleka utaona ukungu wa kijani tu, na pesa yako nitakuwa nimeila."

Saa nne nilikuwa najaribu kofia.

Mzee wa msikitini sikurudi kwake. Basi la saa kumi na nusu lilikuwa linapiga honi. Nikapanda, na safari hii nikajifanya mjanja. Abiria wote walikuwa wamejazana upande wa bahari, viti vya upande wa bara viko vitupu. Nikawacheka kimoyomoyo, nikajichagulia dirisha. Basi likageuza pua kuelekea Mombasa, na jua la magharibi likaingia dirishani taratibu, likanikalia shavu la kulia, lile lile la asubuhi.