Soko la Jumapili Issigeac, Tulivyolipata

Aliyetushauri twende kijiji cha kale cha Ufaransa siku ya Jumatatu "ili mkwepe watu" alituponza, na hadi leo sijamsamehe sawasawa. Mimi na mdogo wangu, anayesoma Bordeaux, tulipanda treni mpaka Bergerac, tukalipa teksi kwenda Issigeac, kama kilomita 15 hivi, tukashushwa karibu na kanisa saa nne asubuhi. Kimya kitupu. Madirisha yamefungwa, mgahawa umefungwa, hata duka la mikate limefungwa! Mdogo wangu akasoma karatasi iliyobandikwa mlangoni: Jumatatu wanapumzika. Vijijini kule wenye maduka wengi hufanya kazi wikiendi nzima, kwa hiyo Jumatatu ndiyo siku yao ya kulala. Dereva alikuwa ameshaondoka na angerudi saa saba. Tulikaa pale na njaa yetu, hatuna hata maji. "Dada, turudi zetu Bordeaux, kwani picha si zipo kwenye simu?" Nikamwambia siondoki Ufaransa bila kuliona soko. Soko la Issigeac ni Jumapili asubuhi, na likizo yangu ilikuwa bado inaendelea.

Safari ya pili teksi tuliiagiza mapema, maana Jumapili huko husimami barabarani ukapata usafiri. Tulifika wauzaji wakiwa bado wanapanga meza. Mitaa yenyewe ni myembamba na inajipinda kufuata mzunguko wa ukuta wa zamani, ungedhani uko Mji Mkongwe Unguja, ila hapa nyumba nyingi ni za fremu za mbao nene zilizojazwa udongo na mawe katikati. Ghorofa ya juu imetokeza nje kuliko ya chini: mwenye nyumba alijiongezea nafasi juu bila kuziba njia. Kuna moja wanaiita Nyumba ya Vichwa, kwa sababu kwenye mbao zake wamechonga nyuso za watu, zingine zimevaa taji, zote zimetoa macho. Zitazame mapema. Ikifika saa tano mtaa umejaa watu, huwezi kusimama ukatazama juu.

Sasa sokoni. Wengi walituonya kwamba Wafaransa ni wakali kwa wageni. Mimi sikuuona huo ukali. Mtu aliyelelewa vizuri kwetu hafiki kwenye meza ya mtu akauliza bei kabla ya salamu, na wao ni hivyo hivyo. Salimia kwanza, sema "Bonjour", hata kama Kifaransa chako ni hilo neno moja tu, uso wa muuzaji unafunguka. Ila mkono uzuie. Kule hakuna kubonyezabonyeza matunda kama tunavyofanya kwa maembe; unaonyesha kwa kidole, anakuchagulia yeye.

Na anajua kuchagua! Tulisimama kwa bibi mmoja mwenye matikiti madogo ya duara, yale ya nyama ya rangi ya chungwa. Hakuuliza tunataka mangapi. Aliuliza tutakula lini, mchana huu au kesho? Tukasema leo usiku. Akainua moja, akalipima uzito mkononi, akalinusa kitakoni, akalirudisha. La pili hivyo hivyo. La tatu akamwonyesha mdogo wangu pale kikonyo kinaposhikana na tunda: ufa mwembamba ulikuwa umeanza kuzunguka. Hilo ndilo la usiku. Usiku tulilipasua kwa kisu cha kukopa, juisi ikatiririka mpaka kwenye viwiko. Lilikuwa tamu ajabu.

Kumjua mkulima na mchuuzi ni kazi rahisi kwa aliyezoea masoko ya kwetu. Meza yenye ndizi na mananasi huyo amenunua jumla, maana hayaoti kule. Meza yenye vitu vitatu vinne, karoti bado zina udongo, simama hapo. Isitoshe sheria yao inadai kila tunda na mboga viandikwe vilikotoka, kwa hiyo soma kibao, usione bei tu.

Chakula, kwa Waislamu wenzangu: hiyo ni nchi ya bata na nguruwe, na viazi vingi hukaangwa kwa mafuta ya bata. Uliza kabla ya kuagiza. Sisi tulikula mkate wenye kokwa za jozi (walnut) ndani, jibini ndogo za maziwa ya mbuzi, na chaza wabichi waliobanjuliwa mbele yetu, tukawakamulia limau. Tulishiba kwa euro ishirini na kitu watu wawili. Teksi ndiyo iliyokula pesa nyingi, na ukipata wenzako wa kuchangia itakuwa nafuu.

Kuanzia saa saba wanafunga, na wenye matunda laini hupunguza bei kidogo kabla hawajapakia. Treni za Jumapili si nyingi, kata tiketi ya kurudi kabla hujaondoka.