Uzi Unaokuja Baada ya Kidole

Juzi usiku nilikuwa najenga kerneli, kiini cha mfumo endeshi, ya Linux 6.12 kwa ajili ya mashine ya studio. Kwenye menyu ya mipangilio nikakutana na PREEMPT_RT, au RT kwa kifupi, chaguo la kuifanya kerneli iitikie kazi za haraka kwa wakati. Imekaa miongoni mwa chaguo nyingine kama mwenyeji, haihitaji tena kiraka cha pembeni, yaani msimbo wa kubandika. Nikaacha kuandika. Nikausikia tena ule mlio, "tak!", kama kijiti kikavu kinachovunjwa karibu na sikio.

Ilikuwa 2016, kile chumba cha Ng'ambo, Unguja, magodoro yameegemezwa ukutani, feni imezimwa isiingie kwenye maikrofoni. Fundi wa udi amevaa hedifoni, mimi na mwenzangu tumeinamia laptopu yenye Ubuntu 16.04. JACK, programu inayopitisha sauti kwenda na kutoka kwenye kadi ya sauti, tumeiweka sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa (hifadhi ya muda ya sauti) ya fremu 256, na vipande 3 vya bafa hiyo upande wa kutoka, maana kadi nyingi za USB hazitulii na vipande 2. Piga hesabu: fremu 256 za kuingia, 768 za kutoka, jumla 1,024. Hizo ni milisekunde 21, bado hujaongeza za kadi yenyewe. Fundi akapiga kidogo, akasimamisha mkono.

"Wanangu, uzi unakuja baada ya kidole."

Kompyuta hakuwa na habari nazo. Lakini tangu siku hiyo sijapata maelezo ya uchelewaji yaliyo bora kuliko hayo.

Tukashusha bafa hadi 64. Safari nzima ikawa milisekunde 5.3, fundi akatikisa kichwa kwa kuridhika, na milio ikaanza. Kwa fremu 64, JACK lazima iamshwe kila baada ya milisekunde 1.33. Kerneli ikiwa inazunguka kwenye kitanzi kirefu cha draiva, au imezuia makatizo (ishara za vifaa vinavyotaka kuhudumiwa), sauti inasubiri. Ikisubiri kupita muda wake, bafa inakauka na spika inalia.

Hapo tukagawana. Mimi niliamini kerneli nzima lazima iweze kunyang'anywa prosesa wakati wowote, na usiku uliotangulia nilikuwa nimekesha nikijenga 4.4 yenye kiraka cha RT. Kiraka kile hugeuza sehemu kubwa ya kufuli za kerneli, zinazozuia kazi mbili zisiguse kitu kimoja pamoja, ziwe za kulala badala ya kuzunguka bure, huzipa urithi wa kipaumbele (anayeshikilia kufuli huazima kipaumbele cha anayemngoja), na hushusha vishughulikiaji vya makatizo viwe kazi za kupangiwa zamu kama kazi nyingine. Mwenzangu hakutaka hata kuiwasha.

"Kaka, kila kufuli unayoifanya ya kulala unailipia," aliniambia. "Seva ya watu inapoteza kazi ili wewe urekodi udi. Tumtafute anayeshikilia prosesa, tumtoe huyo tu."

Ugomvi wenyewe haukuanzia kwetu. Mwaka 2001 Robert Love alileta kiraka cha kuifanya kerneli inyang'anyike, huku Andrew Morton akiwinda vitanzi virefu kimoja kimoja na kuvikata. Cha Love kiliingia 2.5.4 mwaka 2002. Mwaka 2004 Ingo Molnar akaleta njia ya katikati, kunyang'anywa kwa hiari, kisha yeye na wenzake wakaenda mbali zaidi na RT. Kila upande ulikuwa na vipimo vyake. Kuna waliobishania pia mapigo ya saa ya kerneli, HZ ya 250 au 1000 kwa sekunde, nami siku ile niliitaja. Nilikosea: kazi ya sauti huamshwa na katizo la kadi, haingoji pigo la saa.

Tukaiwasha RT. Prosesa tukaiweka kwenye "performance" isipunguze kasi. Tukaendesha cyclictest -m -S -p 90, kipimo cha kuchelewa kuamka kwa kazi, huku diski ikifanyishwa kazi nzito kwa makusudi. Uchelewaji mkubwa kabisa haukufika mikrosekunde 100. Nikamtazama mwenzangu. Fundi akapiga.

Tak.

Mwenzangu hakusema neno. Aliandika watch -n 1 cat /proc/interrupts, amri inayoonyesha hesabu ya makatizo kila sekunde, akaweka kidole kwenye kioo. Mstari wa 16 ulikuwa unapanda kwa kasi, na mwisho wake yaliandikwa majina mawili: ehci_hcd:usb1, ath9k. Kadi yetu ya sauti na kadi ya wifi zilikuwa zinatumia katizo moja, na wifi ilikuwa inapakua masasisho bila sisi kujua. Ninakikumbuka kidole kile, kucha imekatwa fupi, kimesimama juu ya mkato kati ya majina mawili. Kwenye RT vishughulikiaji vyote huanza na kipaumbele kilekile, 50, na katizo linaloshirikiwa hubaki limefungwa mpaka wote wanaolitumia wamalize. USB ilikuwa inamngoja ath9k.

Tukaizima wifi kwa rfkill block wifi. Kebo tukaihamishia mlango wa USB wa upande wa kulia, ambao ulikuwa na kidhibiti kingine, usb2, katizo namba 23, peke yake. Kisha, kwa chrt -f -p 85, tukaipa kazi ya irq/23 kipaumbele 85, iwe juu ya JACK, tuliyokuwa tumeipa 70. Ukiipandisha JACK juu ya katizo linaloiamsha, umefunga mlango unaongoja ugongwe. Kisha tukasikiliza. Dakika kumi, hesabu ya xrun, yaani kukauka kwa bafa, sifuri.

Mwenzangu alitaka tuwashe upya kwenye kerneli ya kawaida, tuongeze threadirqs (inayogeuza makatizo yawe kazi za kupangiwa zamu bila RT), kebo ibaki kulia, tuone kama RT ilikuwa na lazima hata kidogo. Ombi la haki kabisa. Lakini fundi alikuwa na saa moja tu kabla ya magharibi, na vidole vyake vilikuwa vimeshapata moto. Tukarekodi.

RT iliingia rasmi kwenye 6.12 mwaka 2024. Nimeichagua juzi, nikijua bado sijamjibu mwenzangu. Laptopu ile iliungua ubao mama mwaka uliofuata, kabla hatujapima.