Miche 200 iliyonifundisha kazi

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha elimu ya mazingira huku Kwale, pwani ya Kenya, niliwapeleka wanafunzi ufuoni tukachomeka mbegu 200 za mkoko kwenye mchanga, upande wa bahari kabisa. Tuliimba siku nzima. Bamvua mbili, yaani maji makubwa ya bahari, zilipopita, hapakuwa na mche hata mmoja.

Mzee mmoja mvuvi aliacha wavu wake akanifuata. "Mwanangu, miti hii ya maji ya chumvi kila mmoja una pake. Hapo ni pa mlilana. Mkoko hukaa nyuma yake, penye tope. Nyuma zaidi ndiyo mkandaa, na mchu karibu na nchi kavu." Nilipomwendea afisa wa misitu alinieleza yaleyale, ila yeye alitaja chumvi na muda ambao mizizi hukaa majini. Kufundisha nilijua. Mti wenyewe sikuujua, na nilikuwa nimewapa watoto somo la uongo.

Aliyenibadilisha zaidi ni muuguzi wa kliniki ya akina mama. Mimi nilizoea kusimama mbele ya watu na kusema "msikate mikoko". Yeye huuliza: nyumbani mnapikia nini? Kuni zikiisha inakuwaje? Kisha hunyamaza na kusubiri. Siku aliyokubali kuja nami kijijini, akina mama walieleza mambo ambayo kwangu hawakuwahi kuyataja: bei ya mkaa, kikohozi cha watoto kwa moshi wa jikoni, umbali wa kwenda kuokota matawi. Somo langu la mikoko likaanzia kwenye jiko linalotumia kuni chache.

Pale Gazi, kijiji cha hapa Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja unatunza hekta 117 za mikoko na umekuwa ukiuza hewa ya ukaa tangu 2013, yaani hulipwa kwa hewa ambayo miti hiyo huivuta na kuihifadhi. Fedha zake zimesaidia maji na shule. Nyuma ya fedha hizo kuna vipimo vya kujua miti imehifadhi kiasi gani. Shina la mkoko hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa, kwa hiyo sasa siingii msituni bila mwalimu wa hesabu.

Mkutano wa Tbilisi wa 1977, ulioandaliwa na UNESCO pamoja na UNEP, ulishasema elimu ya mazingira itokane na taaluma nyingi. Sisi bado tunafunzwa peke yetu. Ningeomba kila mwanagenzi wa kazi hii akae mwezi mmoja kliniki, mwezi mmoja kwa watu wa misitu, mwezi mmoja bandarini na BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, na apewe alama kwa hayo kama anavyopewa kwa mtihani.

Bamvua ijayo tunapanda tena. Yule mzee ndiye atakayetuonyesha pa kuanzia.