Fomu ya Chuo na Daftari la Mjomba

Mwaka 2008, baada ya kufaulu kidato cha sita katika tahasusi ya HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, nilipanda basi kutoka Korogwe hadi Muheza kwa mjomba wangu, mwalimu wa shule ya msingi, nikiwa na fomu ya kuomba nafasi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mstari wa chaguo la kwanza nilikuwa nimeuacha wazi kwa wiki nzima.

Nilitaka kuandika na nilitaka kufundisha, kwa uzito uleule. Uandishi wa habari, uliofundishwa katika taasisi ya chuo hicho iliyoko Mikocheni, niliuondoa mapema, kwa kuwa moyo wangu ulikuwa kwenye hadithi na mashairi. Zilibaki njia mbili. Shahada ya Sanaa ya kawaida ingeniruhusu kusoma fasihi na isimu ya Kiswahili kwa kina, lakini ili niwe mwalimu ingenibidi niongeze stashahada ya uzamili katika elimu. Shahada ya Sanaa na Elimu ingenipa masomo mawili ya kufundishia, pamoja na saikolojia ya elimu, mitaala na mazoezi ya kufundisha, na kozi hizo za ualimu zingekula nafasi za fasihi. Hasara hiyo ni ya kweli, na hadi leo naona kila anayemshauri mwanafunzi ana wajibu wa kuitaja. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitukumbusha mara kwa mara kwamba mwandishi Euphrase Kezilahabi alisoma chuo hichohicho na kufundisha sekondari kabla ya kurudi kuwa mhadhiri. Mfano huo ulinipa moyo, ingawa haukuniambia aliandika saa ngapi.

Baada ya chakula cha usiku Mjomba alitoa sandukuni kaunta buku alimobandika mashairi yake yaliyotoka magazetini, na chini ya kila shairi alikuwa ameandika tarehe aliyolitunga.

“Soma miezi, mwanangu,” akaniambia.

Nikasoma: Juni, Desemba, Juni, Desemba. Yote aliyatunga likizo, kwa sababu miezi mingine ilimezwa na maandalio ya masomo na madaftari ya kusahihisha. Baada ya mwaka alioteuliwa kuwa mwalimu mkuu, kurasa zilikuwa tupu.

“Mjomba, unanikataza ualimu?”

“Sikukatazi. Insha za watoto ndizo zilizonifundisha kusikia sentensi inapokwama, na nisingejifunza hilo mahali pengine. Nataka uichague kazi hii ukiijua gharama yake.”

Taa ikiwa karibu kuisha mafuta, niliandika kwenye mstari wa kwanza: Shahada ya Sanaa na Elimu, Kiswahili na Historia. Historia niliichukua badala ya Kiingereza kwa sababu nilitaka kujua mashamba ya mkonge yaliyotuzunguka, yaliyoanzishwa enzi za Wajerumani, yalilimwa na nani na kwa ujira gani. Niliamini hadithi nitakazoandika zingetoka humo. Mjomba aliisoma fomu yote polepole, akanirudishia, kisha akafungua ukurasa wa mwisho wenye maandishi. Lilikuwa shairi la tarbia, yaani la mistari minne kila ubeti, mizani kumi na sita kila mstari, ubeti wa tatu ukiwa na mistari mitatu tu.

“Kituo chake, ule mstari wa mwisho, sijakipata,” alisema, akanipa kalamu.